Chaki ya Buluu kwenye Boneti

Kituoni walimwita Inspekta Kobe, na mwenyewe hakuwa na neno na jina hilo. Wenzake wakifika mahali pa tukio huanza kuuliza maswali. Yeye huanza kwa kutafuta pa kukaa. Jumanne hiyo asubuhi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya banda la gari la nyumba ya kona, na kwa karibu robo saa mwanamke huyu mnene wa miaka arobaini hakusema kitu. Alilitazama tu gari lililokuwa mbele yake, jekundu, la milango miwili, pana na fupi, pua chini.

Mlangoni alisimama mwenye nyumba, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, mzee mfupi wa miaka sitini na mitano, mpole wa kusema, na ungemwangalia macho ungejua hajalala. Gari halikuwa lake. Lilikuwa la mke wake, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye mtaa mzima bado unamwita Mwalimu, hata wale aliowachapa. Tangu jana Mwalimu alikuwa mahabusu.

Kesi yenyewe, ukiitazama juujuu, ilikuwa imekwisha. Jumapili saa nne asubuhi, mwokaji mmoja aliyekuwa akisambaza mikate kwa baiskeli alikutwa mtaroni kwenye barabara ya mlimani, amegongwa na kuachwa, mikate imetapakaa. Alikuwa hai, lakini mpaka leo hajafumbua macho. Daktari alisema aligongwa wakati wowote kati ya saa kumi na mbili na saa nne. Kwenye bati la tairi la nyuma la baiskeli yake palibaki mchubuko wa rangi nyekundu, na watu wote walijua ni nani anayeuamsha mtaa kila Jumapili alfajiri kwa muungurumo, akienda kujipa raha na kona za mlimani. Askari walipokuja Jumatatu walikuta gari limeoshwa. Puani mwake mlikuwa na vitundu saba vya rangi iliyobanduka, na kila kitundu kimezungushiwa duara la chaki ya buluu. Walimuuliza Mwalimu. Akajibu kwa sentensi moja, akatia saini: gari ni langu, nilikuwa naendesha mimi, hakuna mwingine. Baada ya hapo alifunga mdomo.

Mkuu wa kituo aliifurahia sana karatasi hiyo. Aliagiza faili liende mahakamani saa kumi jioni, na gari lifungwe kwa utepe bandani lilipo, lisiguswe. Ni Kobe peke yake ambaye karatasi hiyo haikumwingia akilini. Alikuwa amesikia maungamo mengi maishani, na anajua mtu akishaamua kuungama hanyamazi. Atakueleza mpaka alichokula asubuhi. Mwalimu alipoulizwa ni kona ipi, aliutazama ukuta. Saa kumi ikifika bila jipya, mwanamke wa miaka sitini na mbili angelala gerezani, na gerezani mtu huingia upesi kuliko anavyotoka.

Ukutani, juu ya rafu ya chupa na taulo zilizokunjwa, palibandikwa karatasi yenye mwandiko wa ubaoni, ule mnyoofu ambao ukiuona tu unakaa vizuri kwenye kiti. Kobe aliinuka akaisoma yote. Zilikuwa kanuni za kuosha gari baada ya safari ya mbio. Ya kwanza ilisema weka kiganja juu ya boneti, na kama huwezi kukiacha hapo mpaka uhesabu ishirini, nenda kanywe chai. Likishapoa ndipo unalilaza taulo lililoloa juu ya pua, wadudu waliogandia walainike wenyewe. Mdudu akiachwa siku nzima anakula rangi, na akibanduliwa mkavu anaondoka nayo. Kisha maji kutoka juu kushuka chini, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, na mkono uende mnyoofu, kamwe usizunguke. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, iliandikwa kwamba taulo la rimu lisiguse bodi hata kwa bahati mbaya.

"Kila Jumapili hivyo hivyo," fundi alisema kutoka mlangoni. "Anamwogesha saa mbili nzima. Watoto wetu wote wameshaoa na kuolewa, mwanangu. Huyo ndiye kitindamimba."

Kobe alicheka kidogo, kisha akawasha tochi na kuinamia boneti. Ilikuwa imejaa madoa meupe ya maji yaliyokaukia hapo hapo, makubwa kama sarafu, na katikati yake michirizi myembamba iliyozunguka na kuzunguka. Alilipitisha jicho taratibu mpaka kwenye taa, akachomoa kitu kwenye upenyo kwa kucha mbili, akakiweka kwenye kiganja bila kukionyesha.

"Mzee wangu, gari hili aliliosha nani?"

"Si mwenyewe. Mimi mambo ya gari hilo siyajui."

Kobe alimweleza bila kupandisha sauti. Maji yakimwagwa kwenye bati la moto hukauka kabla hujayafuta, na huacha chokaa yake. Aliyeandika ile karatasi ukutani asingelimwagia maji gari la moto hata nyumba ingekuwa inaungua. Na huu mkono ulizunguka kama unapiga pasi kola. Kisha akafungua kiganja. Palikuwa na kipande cha uzi wa kijivu, uzi wa bitana ya ndani ya koti, na fundi alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitambulisho chake mwenyewe. Halafu bila kujua akaficha nyuma mkono wake wa kulia, ambao kidole gumba chake kilikuwa bado na buluu.

"Nimekuandika kwenye daftari kwamba hujui kitu," Kobe alisema. "Nifute?"

"Futa," akajibu mzee.

Aliongea akiwa ameketi kwenye ndoo ile ile, Kobe amesimama. Jumapili Mwalimu alirudi saa moja na robo, akatupa funguo mezani na kutoka tena kwa miguu kwenda kwa mama yake, mitaa miwili kutoka hapo. Mama ni mtu mzima sana na binti yake humwogesha kila Jumapili. Ilipofika saa moja na nusu, fundi akachukua ndoo, sabuni ya kuoshea vyombo na mabaki ya bitana kutoka kibandani kwake, akaosha pua, boneti, mbavu zote mbili na rimu. Paa hakulifikia. Alipoona vile vitundu akavitia chaki. Kobe alimuuliza kwa nini, na mzee akalishangaa swali. Mteja akija kujaribu suti, alieleza, penye kasoro unatia chaki ili muione wote wawili kabla ya kurekebisha. Alitaka mkewe akirudi avione.

Alipoulizwa imekuwaje yeye, anayejulikana kulichukia gari hilo, aamke asubuhi na kuliosha, fundi aliangalia viatu vyake na kusema aliliona chafu. Kobe alijua huo si ukweli wote. Ila uongo mwingine ni wa aibu tu, hauna hila, na huo aliuacha ukae.

"Na askari je? Kwa nini uliwadanganya?"

"Mchana habari za mwokaji zilifika mtaani. Nikakumbuka vile vitundu." Mzee aliivuta futi shingoni upande mmoja, kisha upande mwingine. "Nikaona nikikaa kimya, angalau isiwe ni mimi niliyemsema."

Kumbe mume mwenyewe aliamini kuwa mkewe alimgonga mtu. Walikuwa wamekula chakula cha jioni Jumapili meza moja, yeye na mkewe, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu. Kobe alimhurumia, akamwambia hivyo hivyo kwamba anamhurumia, na akatoka kwenda kuzungumza na jirani.

Jirani, mama mwenye watoto sita na kamba tatu za kuanikia nguo, alithibitisha yote bila kubembelezwa. Alikuwa anaanika. Mwalimu alipotoka tu, fundi akaanza kumwaga maji, na mvuke ukapanda mpaka akamtania juu ya ukuta kwamba leo anachemsha gari badala ya chai. Baada ya hapo gari halikutoka. Angelisikia likitoka, hata aliyezikwa angelisikia.

Kobe alirudi bandani, akapiga magoti kwa shida na kumulika ndani ya rimu, kwenye zile diski za chuma ambazo breki huzibana. Zilikuwa na kutu nyepesi ya rangi ya chungwa, zote nne. Alipiga picha kila moja, na hapo furaha ikamponza akasema kabla ya kufikiri. Diski haina rangi ya kuilinda, alimweleza fundi. Ikipata maji na gari likasimama, kesho yake ina kutu, na kutu hiyo hufutika mara ya kwanza tu unapokanyaga breki. Kwa hiyo tangu ile saa moja na nusu gari halijasogea hata hatua moja. Moto liliotoka nao barabarani ni moto wa safari ya Mwalimu.

"Wewe umetoka kabisa, mzee wangu. Hakuna atakayesema uliendesha wewe."

Fundi hakufurahi hata kidogo.

"Kwa hiyo aliendesha yeye, na gari halikutoka tena," alisema polepole. "Umenitoa mimi, umemfungia yeye mlango."

Kobe alijaribu kumtuliza, akamwambia kwamba kazi haijaisha, lakini maneno yalikuwa yameshatoka na maji yakimwagika hayazoleki. Mzee aliingia ndani ya nyumba. Kobe alikaa tena juu ya ndoo, akijilaumu, akampigia simu mtu mmoja tu ambaye angeweza kumsaidia kabla ya saa kumi.

Huyo alikuwa fundi wa kung'arisha rangi za magari, aliyejulikana mjini kwa jina la Kucha, kwa sababu ya ukucha mrefu wa kidole gumba anaoutumia kupapasia rangi. Alikuwa na mabega mapana na mdomo usiofungwa breki. Mwalimu alikuwa mteja wake wa nta kwa miaka tisa, na kwa miaka hiyo tisa walikuwa wakibishana ni nta ipi bora. Alipoliona gari aliacha salamu katikati, akanusa boneti.

"Nani amemwogesha bibi harusi kwa sabuni ya masufuria?" aliuliza.

Alichukua chupa ya maji akanyunyiza juu ya paa, pale ambapo fundi hakufika. Maji yalijikusanya matone matone, yakateleza yakaondoka. Akanyunyiza juu ya boneti. Hapo yalitandaa tu kama kwenye sahani iliyosuguliwa mpaka mafuta yote yakatoka. Nta yote imekwenda na sabuni, alisema, na hii michirizi ya kuzunguka itamchukua siku mbili kuiondoa. Alisema kwa uchungu wa kweli. Kobe alimwacha amalize msiba wake, kisha akamwonyesha vile vitundu saba.

Kucha aliinama, akapapasa kila kimoja kwa ukucha, akamwomba Kobe ashike tochi chini zaidi. Hivi ni vya kokoto, alisema. Gari likikimbia kwenye kokoto zilizolegea, mawe hurushwa na kupiga pua kutoka chini kwenda juu, na tundu linakuwa dogo, la mviringo, lenye kina. Ukigonga baiskeli unapata mkwaruzo mrefu, unapata bati kubonyea, na rangi ya baiskeli inabaki kwako kama yako ilivyobaki kwake. Hapa hakuna hata kimoja. Kobe aliandika, lakini alijua Mkuu atasema nini: pua imesuguliwa kwa sabuni, mlitaka mkute nini?

"Basi twende ambako hakusugua," Kobe alisema.

Alilala chali kwenye sakafu na koti lake la kazi mwilini, akamulika nyuma ya tairi la mbele, ndani ya bodi, mahali ambapo mtu anayeosha kwa mapenzi tu, bila ujuzi, hapafikirii kabisa. Pote pale palikuwa na nukta nyeusi, mamia, kubwa kama punje za pilipili manga, na ndani ya kila nukta chembe za mawe. Kucha alijipenyeza naye kando yake. Alichoma nukta moja kwa ukucha, ukazama.

"Lami," alisema. "Na ni mbichi. Ya siku tatu, haizidi."

"Barabara ya mlimani ina lami mbichi?"

"Ile haijawekwa lami tangu mimi sina ndevu."

Walikaa pale chini wamelala, mabega yamegusana, wakifikiria jambo moja. Kuzunguka mji huo wote palikuwa na sehemu moja tu inayowekwa lami mpya, kwenye barabara ya bwawani, kilomita hamsini, upande ulio kinyume kabisa na mlima, na kazi ilianza Jumamosi mchana. Kobe aliinuka haraka kuliko alivyowahi kuinuka mwaka huo. Alipita mlangoni kumuaga fundi, hakumwona, akadhani mzee amelala hatimaye, akaona amwache apumzike.

Kule bwawani walimkuta mlinzi wa kizuizi ameketi chini ya mwavuli na daftari lake. Hakuhitaji kukumbushwa. Jumapili saa kumi na mbili na robo alifika mwanamke na gari jekundu, likaingia kwenye kokoto kabla hajapunguza mwendo, likasimama hatua chache kutoka kwenye kizuizi. Alishuka. Mlinzi alitegemea matusi, akapewa somo. Yule mama alimpimia kwa hatua mahali ambapo kibao cha tahadhari kinapaswa kusimama, akamweleza gari la mwendo ule linahitaji mita ngapi ili lisimame, na hakuondoka mpaka kibao kikahamishwa. Mlinzi alikuwa ameandika namba ya gari na saa, kwa hofu kwamba angeshtakiwa kwa wakubwa wake. Kobe alipiga picha ukurasa huo. Somo lile lilikula robo saa, na kutoka pale hadi nyumbani kwa Mwalimu ni dakika arobaini na tano hata kwa gari linalokimbia. Aliyefika nyumbani saa moja na robo hakuwa na dakika ya kupita mlimani.

Ila swali jipya lilimkaba njia nzima ya kurudi. Mwalimu alikuwa na shahidi, na shahidi mwenye daftari. Kwa nini alikubali kufungwa?

Walifika kituoni saa tisa na nusu. Kobe alimpeleka Kucha kwanza uani, ilikotundikwa baiskeli ya mwokaji, kwa sababu majibu ya maabara yangechukua wiki mbili na yeye alikuwa na nusu saa. Kucha aliukagua mchubuko kwa lenzi, akaukagua tena. Gari la Mwalimu lilikuwa na rangi ya kiwandani. Kwenye vile vitundu alikuwa ameona nyekundu, kisha kijivu cha kiwandani, kisha chuma. Huu wa baiskeli, ukiutazama ukingoni, chini ya nyekundu ulikuwa na kijani. Ni gari lililokuwa la kijani, alisema, likapuliziwa nyekundu juu, tena kwa haraka, maana halikupigwa msasa vizuri. Kazi ya namna hiyo hapa mjini inafanywa na watu watatu, na wote watatu aliwahi kugombana nao.

Kobe alimshukuru, akaingia ndani mbio. Mezani kwa sajenti wa zamu alisimama fundi cherehani, begi dogo la nguo miguuni pake. Sajenti alikuwa anakuna kichwa. Mzee alikuja kwa miguu tangu saa sita, akasema aliyemgonga mwokaji ni yeye, mkewe anamlinda tu, na kwamba hatoki pale mpaka afungwe.

Mkuu aliisoma picha ya daftari la mlinzi mara mbili, akasikiliza habari ya kijani, akavua miwani. Kobe aliomba kitu kimoja tu: chumba cha mahojiano, na mke na mume waketi pamoja. Mkuu alisema kanuni haziruhusu, kisha akatoka akajifanya anatafuta kalamu.

Mwalimu aliletwa. Alikuwa mrefu, amenyooka, nguo zimekunjamana lakini vifungo vyote vimefungwa. Alipomwona mumewe alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake ulionyesha woga. Kobe alimvutia kiti.

"Nina gari moja na madereva wawili waliokiri," alisema. "Na wote wawili mnadanganya. Mama, nimetoka bwawani. Mlinzi anakusalimia, kibao hajakirudisha. Kwa nini hukutuambia?"

Mwalimu aliunyoosha mkono wa blauzi yake.

"Ningesema nilikuwa bwawani, mngeuliza baada yangu gari lilikwenda na nani," alisema. "Nilirudi kutoka kwa mama saa saba mchana. Nikakuta limeoshwa, tena limeoshwa likiwa la moto, na chaki kila mahali. Vitundu vya kokoto nilivijua, ni vyangu. Kuoshwa sikukuelewa. Huyu bwana miaka tisa hajaligusa hata kwa kidole. Na watu wako nje wanasema kuna mtu amegongwa. Ningefikiri nini?"

"Mimi?" Fundi alimgeukia mkewe. "Ulifikiri ni mimi?"

"Leseni unayo. Na macho yako nayajua."

"Nami nilifikiri ni wewe."

Kobe aliwaeleza yote mawili, lile la kutu na lile la kijani, pole pole, mpaka akahakikisha kila mmoja ameelewa kwamba mwenzake hakumgusa mtu. Aliyemgonga mwokaji alikuwa bado yuko nje na yeye Kobe atamfuata. Kisha akamgeukia mzee na kumwambia kwamba lipo swali moja alilomwachia asubuhi, na sasa si yeye anayehitaji jibu lake.

Fundi alitazama tena viatu vyake. Safari hii aliinua kichwa.

"Jumamosi tuligombana," alisema. "Nilimwambia ile barabara ya mlimani itanifanya mgane. Akaniambia mimi hata pedali ya cherehani naiogopa. Tukalala kila mtu na ukuta wake. Asubuhi naamka, ameshaondoka. Nikajua amekwenda huko huko. Nikasema basi, aombe radhi yule aliyebaki nyumbani. Kwa mdomo siwezi, na anajua siwezi. Nikachukua ndoo."

Mwalimu alikuwa anamtazama mumewe kama anayetafuta kosa kwenye hesabu na halioni.

"Sikwenda mlimani," alisema. "Ulinikataza. Ndiyo maana nikaenda bwawani. Sikukuaga, kwa sababu na mimi kwa mdomo siwezi."

Kobe alifunga daftari. Kungekuwa na karatasi za kujaza kuhusu watu wawili wazima waliowadanganya polisi kwa siku mbili, na alijua atazijaza kwa mwendo wake wa kawaida. Alimwambia Mwalimu kwamba yuko huru, achukue vitu vyake kwa sajenti. Wala mke wala mume hakusogea. Kobe alikuwa na furaha ambayo hakujua aipeleke wapi, akasimama tu dirishani na kujifanya anaangalia uani.

Nyuma yake alisikia zipu ikifunguliwa. Mwalimu alikuwa amelivuta begi la mumewe mapajani, anatoa kitu kimoja kimoja na kukipanga mezani: mashati mawili yaliyopigwa pasi, suruali, sabuni, mswaki, miwani ya kutungia uzi. Alipekua tena chini kabisa, akageuza begi lote.

"Hukuweka sweta," alisema.

"Nilikuwa na haraka."

"Kule ndani usiku kuna baridi, wewe. Sakafu ni ya saruji. Ungelalaje?" Akamshika mkono, ule wenye chaki, na ndipo Mwalimu, ambaye hakutoa chozi hata alipotiwa pingu, akaanza kulia.